Hapana ya Kwanza

Ukitaka kumjua mwenyeji wa mtaa ule, usijisumbue kumuuliza alizaliwa wapi. Mpe mkate, umtazame. Mgeni atachukua kipande cha katikati, cheupe, laini, aseme asante. Mwenyeji atapekua kikapu mpaka aipate ile ncha iliyoungua kidogo, aigonge kwa ukucha kama anayebisha hodi kwa jirani, ndipo aichovye kwenye chai. Chai yenyewe haiko kikombeni. Imemiminwa kwenye kisahani, inapulizwa. Na kwa kuwa wa kwanza kumaliza ndiye anayeosha vyombo, hujapata kuona watu wanaokunywa chai polepole kama wale. Waulize, "Mmeamkaje?" Watakujibu, "Kwa miguu," na wala hawatacheka, maana kwao huo si mzaha tena, ni salamu.

Mwanamke wa habari hii aliyajua hayo yote. Alikuja mtaani miaka mitatu nyuma akimfuata mumewe, dereva wa lori la mbao, mtu wa kuonekana nyumbani kama mvua ya kiangazi. Walipanga vyumba viwili vinavyotazama njia, na bomba la uani la kuchangia na wapangaji wengine. Siku ya kuagana, mama yake alimshika sikio kama mtoto akamwambia, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Naye akalifumba. Visahani akanunua. Ncha ya mkate akajifunza kuipenda. "Kwa miguu" akajibu, ingawa mwanzoni kila akilisema alijiona kama anavaa gauni la mtu.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna mwenyeji aliyejua kwamba ni jambo. Nani humfundisha mwenzake kupepesa macho?

Ni hivi. Pale mtaani, ukikaribishwa kitu, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena, ila sauti inashuka kidogo. Mara ya tatu unasema, "Haya, kidogo tu, nisikuudhi," unakula mpaka sahani inaomba msamaha. Na si chakula tu. Hata ukienda kuazima ngazi, kwanza mwenyewe atalalamika kwamba ngazi ni mbovu. Ukimwomba tena atasema sijui nani kaiweka wapi. Ukimwomba ya tatu, ataibeba begani mwenyewe akuletee mpaka kwako, na atakushikilia upande. Akikukatalia hiyo ya tatu, basi hapo ndipo pana hapana.

Alikotoka yeye, hapana ni hapana. Mtu akisema ameshiba, kumuuliza tena ni sawa na kumwambia, "Mwongo wewe, na njaa yako naiona." Kwa kosa hilo mama yake angemfinya mpaka alie.

Sasa, jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa mshonaji, mjane, mtu mzima, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Cherehani yake ilikaa kizingitini kutwa, naye alikuwa na kipaji cha kuzungumza na pini mdomoni bila kumeza hata moja. Wiki ile ile ya kuhamia, alikuja kumtazama jirani mpya, akamkuta ndiyo kwanza amepakua wali na maharage, sufuria bado inafuka.

"Karibu chakula, mama."

"Aa, kula, mwanangu. Mimi nimetoka kula sasa hivi."

"Haya, mama. Basi karibu tuzungumze."

Akala. Alikula kwa heshima zote, huku akimsimulia mgeni wake taabu za safari, na Mama Cherehani akawa anakifuata kijiko kwa macho, kikishuka kwenye sahani, kikipanda mdomoni, kama mtu anayetazama timu yake ikifungwa.

Kesho yake Mama Cherehani akamwita kwake. Bakuli la viazi vya kuchemsha lilikuwa juu ya meza.

"Karibu viazi."

"Asante sana, mama," akasema, akachukua kimoja. Kikubwa.

Hapo jina likapatikana. Akikaribisha, haulizi mara mbili. Akikaribishwa, haombwi mara mbili. Mkono wa birika! Ndimi zikaona jina refu, zikalifupisha, likabaki Birika, nasi tutamwita hivyo hivyo maana ndivyo alivyojulikana. Alilisikia bombani, wanawake wakidhani yuko mbali, na halikuhitaji mkalimani. Lilimuuma hasa kwa sababu hakujua amelipataje. Akadhani labda wanaona sufuria yake ni ndogo. Akanunua kubwa. Akawa anakaa mlangoni saa za kula, kila apitaye anamkaribisha kwa sauti: karibu baba, karibu dada, karibuni nyote. Kila mmoja akasema ameshiba, naye akawaheshimu wote, akala peke yake mbele ya sufuria kubwa. Jina likanata kama gundi ya seremala.

Miaka ikaenda. Birika alipata kazi katika kiwanda cha mikate kilichopo mwisho wa mtaa, nyuma ya uwanja wa mbao. Alikuwa upande wa kukata unga: unakata donge, unaliviringisha, unalilaza kwenye kibati kilichopakwa mafuta, unasukuma, unakata jingine. Wengine waliilalamikia kazi ile kwa kuumiza mabega. Yeye aliipenda. Alipenda unga unavyokuwa vuguvugu mkononi kama shavu la mtoto aliyelala. Bintiye, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo haukujua kupumzika, alikuwa akibaki nyumbani na wifi. Kisha wifi akaolewa, akaenda zake mbali. Kisha Birika akajifungua mtoto wa kiume, mnono, mwenye uso wa mtu anayedai kodi, na nyumba nzima ikamwita Bwana Mkubwa.

Mshahara wa dereva ulilipa nyumba. Wa mikate ndio uliokuwa ukipika. Tangu Birika ajifungue, kwenye chungu maharage yalipungua na maji yakaongezeka. Kasuku alianza kuuliza kwa nini mchuzi unaonyesha sura yake.

Alhamisi moja msimamizi wa kiwanda alimsimamisha njiani. Alikuwa mtu wa maneno machache, nyusi zimejaa unga hata siku za mapumziko.

"Mama, nimekushikia nafasi tangu ulipojifungua. Wakubwa wameanza kuniuliza. Jumatatu uje, au nimpe mwingine."

"Sina wa kumwachia mtoto, mzee."

"Najua. Mimi nina watano. Lakini mikate haisubiri."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtia Birika hofu zaidi. Mtu anayegomba unaweza kumbembeleza. Anayesema kweli taratibu, utamwambia nini?

Jioni ile ile akampakata Bwana Mkubwa, akaenda mlango wa pili. Mama Cherehani alikuwa anapindua pindo la suruali ya shule, pini tatu mdomoni.

"Mama, nimekuja na shida. Kazini wananitaka Jumatatu. Nilikuwa naomba unishikie huyu mpaka mchana nirudi. Uji nitauacha tayari."

Mama Cherehani alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama yeye, kama anayedai kodi yake.

"Aa, mwanangu! Mimi na mgongo huu? Mtoto wa hivi anataka mtu wa mbio. Mimi hata sindano ikianguka naiacha mpaka apite mtu."

"Haya, mama, nimekuelewa," Birika akasema. "Pole na mgongo."

Akageuka akaondoka. Nyuma yake hakusikia cherehani ikiendelea. Angegeuka, angemwona mwanamke yule ameshika suruali hewani, mguu uko juu ya kanyagio, midomo imefunguka, na pini moja imedondoka.

Akavuka njia akaenda kwa Mama Mapacha, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya saba, ambaye watoto wake mapacha walikuwa marafiki wa Kasuku. Watoto wale walikuwa wakila na kulala pamoja, wakigombana asubuhi na kupatana kabla chai haijapoa. Mama Mapacha alikuwa ameinama juu ya beseni la nguo.

"Ungenishikia mtoto, dada yangu? Kuanzia Jumatatu, asubuhi tu."

"Wee! Hawa wawili wamenitoa roho, unaniletea wa tatu?" Akacheka. "Ningekuwa na mikono minne, ningekuchukulia hata na mumeo."

Birika naye akacheka kwa adabu, akasema haya, akashukuru, akaenda. Kicheko cha Mama Mapacha kilikatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri.

Ijumaa, alipofika bombani na ndoo, mazungumzo yalikatika. Wanawake wakashughulika na vifuniko vya ndoo zao kuliko kawaida ya vifuniko. Birika akakinga maji akitazama maji. Akajisemea moyoni: basi ndivyo walivyo. Miaka mitatu, na mtoto wangu hawawezi kumpakata. Usiku alimpigia mumewe simu.

"Waombe majirani," mumewe akasema.

"Nimeshawaomba."

"Wakasemaje?"

"Hapana."

"Wote?"

"Wote niliowaomba."

Simu ikajaa mngurumo wa lori. "Basi kaa nyumbani, mama watoto. Mungu hamtupi mja wake."

Rahisi kusema ukiwa umeshika usukani. Jumamosi Birika alifua koti lake jeupe la kazini, akalinyoosha, akalikunja vizuri. Alikusudia Jumatatu alfajiri alirudishe kwa msimamizi mwenyewe, mkono kwa mkono, asiseme mtu kwamba ameondoka na mali ya kiwanda.

Jumapili mchana alichemsha mayai mawili, ndiyo yaliyokuwapo. Moja akaliponda na kiazi kwa ajili ya Bwana Mkubwa. Jingine akalimenya.

"Kasuku, unataka yai?"

"Hapana, nimeshiba."

Birika alishangaa, maana mtoto yule tangu chai ya asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Lakini mtu ni mtu hata akiwa na miaka sita. Akalikata yai, akanyunyiza chumvi, akala nusu. Alipofikisha nusu ya pili mdomoni, Kasuku aliangua kilio mpaka wale mapacha ng'ambo ya njia wakachungulia.

"Nini tena? Umeumwa na nini?"

"Yai langu!"

"Si nimekuuliza ukasema umeshiba?"

"Nilisema!" Kasuku akapiga mguu chini. "Lakini hujaniuliza tena!"

"Nikuulize mara ngapi, wewe? Umesema hapana."

"Ile si hapana ya kwanza?" Machozi yalikuwa yanamchuruzika, lakini alisema kwa subira ya mwalimu aliyechoshwa. "Mama Mapacha ananiuliza, nasema hapana. Ananiuliza tena, nasema hapana. Halafu ananiuliza tena, halafu nakula. Mtu akisema ndiyo hapo hapo wanamwita mroho. Wewe kila siku huniulizi tena. Kila siku!"

Nusu yai ikabaki hewani. Birika akaiweka kwenye kiganja cha mwanawe, akakaa kitako sakafuni, mgongo ukutani.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna," Kasuku akasema, yai mdomoni. "Ndivyo inavyokuwa."

Nyuso zikaanza kumrudia moja moja: Mama Cherehani na kile kijiko, fundi bomba aliyeshinda uani mwao juani, akasema hana kiu, akapewa kwaheri, yule dada mjamzito aliyesimama mlangoni mwake kwa muda mrefu usio na maana, akinusa. Watu wote wale walikuwa na njaa! Alishikwa na aibu mpaka masikio yakawa ya moto, kisha kicheko kikampanda, kisha kikakatika alipomtazama bintiye. Kasuku alikuwa anapangusa midomo kwa mgongo wa mkono, amesharidhika, anaimba. Mtoto huyu alikuwa mwenyeji. Katika nyumba yao, mwenyeji mmoja alikuwepo muda wote, na kila siku alikuwa anaondoka mezani na njaa nusu, akimngoja mama yake ajue adabu.

"Kesho nitakuuliza mara tatu," Birika akamwambia.

"Na leo jioni," Kasuku akasema.

Ndipo akili yake ikatoka kwenye chakula ikaenda mlango wa pili. Mimi na mgongo huu? Ile ilikuwa ya ngapi?

Kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulitenda ni kingine. Alimfunga Bwana Mkubwa mgongoni, akafika mpaka kizingitini mwake, akarudi ndani. Alikunywa maji ambayo hakuyahitaji. Je, kama ile ilikuwa hapana ya kweli? Mgongo wa Mama Cherehani ulikuwa mbovu kweli, mtaa mzima uliujua, alikuwa akiutaja kama watu wanavyomtaja mkwe mkorofi. Kurudi kwa mtu aliyekukatalia, kwao, ilikuwa kazi ya nzi: unafukuzwa, unarudi pale pale. Lakini Jumatatu ilikuwa kesho, na koti limekunjwa mezani. Akapiga moyo konde, akatoka.

Mama Cherehani hakuinua macho. Kanyagio lilikuwa linaenda.

"Mpo?" Birika akaita.

"Tupo. Umeshindaje?"

"Kwa miguu, mama."

"Hm."

"Mama, nimerudi kwa lile neno langu. La mtoto."

"Lile tulilimaliza Alhamisi." Kanyagio halikusimama. "Nilikwambia mgongo. Siyo mgongo tu, na macho. Hata huu uzi nauona kwa kukumbuka."

Hiyo ilikuwa ya pili. Birika alisikia, au alidhani alisikia, kwamba sauti imeshuka kidogo. Lakini cherehani ilikuwa na kelele, na yeye hakuwa na uzoefu. Alikuwa amepanga maneno mazuri ya kusema mara ya tatu, na sasa hata moja halikuwapo.

"Mama," akasema, "sina mtu mwingine. Nikikukosa wewe, kesho narudisha koti. Nakuomba."

Cherehani ikasimama.

Mama Cherehani alitoa pini mdomoni, moja, nyingine, akazichomeka kwenye kijimto chake. Alipozungumza bila pini, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Alhamisi ulikuja ukaniomba kama mtu anayeuliza saa. Nikasema, huyu hana shida. Mwenye shida huondoka hivyo?"

"Kwetu, mama, mtu akisema hapana tunanyamaza. Kumuuliza tena ni kumtukana."

"Hata akiwa na njaa?"

"Kwetu mwenye njaa anasema ndiyo."

"Papo hapo?" Mama Cherehani alishtuka kwa kweli. "Bila hata aibu?"

"Papo hapo."

Mwanamke yule akamtazama kwa muda mrefu, na Birika akaona uso wake unapita mahali pengi. Ulipita kwenye viazi, bila shaka. Kisha ukatua.

"Siku ile ya maharage," Mama Cherehani akasema polepole, "nilikuwa na njaa ya kweli, ujue. Mteja alinikimbia na gauni, sikupika. Nikasema nikamtazame jirani mpya, harufu ilikuwa inavuka ukuta. Wewe ukala mpaka ukakwangua!"

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesemaje? Mimi ni mgeni hapa mtaani?"

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, lakini Mama Cherehani ilibidi ashike kiuno, na Bwana Mkubwa mgongoni akaruka ruka kwa mtikisiko, akacheka naye bila kujua anachochekea. Kicheko kilipokwisha, Birika alibaki amesimama. Jibu lilikuwa bado halijatoka.

"Sasa sikiliza," Mama Cherehani akasema, akifuta macho kwa pindo la suruali ya mteja. "Hii ya tatu nakujibu kwa kweli. Kumbeba siwezi. Mgongo wangu si hadithi. Nikimwangusha mwanao, nitaishi vipi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hapana yenyewe, na alikuwa ameitembelea kwa miguu yake.

"Ila kumwangalia naweza," mshonaji akaendelea. "Akilazwa hapa kwenye mkeka, akalala, akaamka, akala uji, jicho langu liko juu yake, hata kama halioni uzi. Mtoto si uzi. Anayetakiwa ni wa kumnyanyua." Akaelekeza uso ng'ambo ya njia, akapaza sauti ambayo Birika hakujua anayo. "We! Mama Mapacha! Huyu Birika ulimkatalia mara ngapi?"

Dirisha la ng'ambo likafunguka hapo hapo, kama vile mtu alikuwa nyuma yake muda wote. "Mara moja tu! Akaondoka! Nimekaa na moyo mzito tangu Alhamisi!"

"Basi vuka uje uombwe, umalizie!"

Mama Mapacha akavuka, mikono ina povu. Akasimama mbele ya Birika, akajiweka sawa kama anayepigwa picha. Wapangaji wawili wakatoka uani kuja kuona kuna nini.

"Haya, niombe."

Birika akaona haya, mbele ya watu wote wale. "Dada yangu, naomba unishikie mtoto."

"Hapana, nina kazi. Endelea."

"Nakuomba, dada yangu."

"Haya, mlete!" Akamchomoa Bwana Mkubwa mgongoni kwa mama yake, povu na yote. "Ooo, huyu mzigo wa mawe! Anakula nini huyu?"

"Umeruka moja wewe," Mama Cherehani akamkosoa.

"Aliniomba Alhamisi. Ile nimeihesabu."

Wakapanga pale pale kizingitini. Asubuhi mtoto atashinda mkekani kwa Mama Cherehani. Akilia, akichafuka au akitaka kubebwa, dirisha litaitwa. Birika aliuliza, kwa sauti ndogo, kama kwa hilo pia anatakiwa kuomba mara tatu. Wakamwambia asiwachoshe.

Jumatatu alfajiri alivaa koti lake. Alimkabidhi mtoto akiwa bado na usingizi, amefunikwa kanga, na Mama Cherehani akamwonyesha mkeka ulipo, mbali na sindano, mbali na mlango, mto mmoja huku, mwingine kule. Alikuwa ameamka mapema akahamisha kikapu cha mikasi na kukining'iniza juu ya msumari. Birika alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Nenda," mshonaji akasema. "Ukimtazama sana ataamka."

Msimamizi alimwona akiingia, akaitikia kwa kichwa mara moja, akamwonyesha meza yake. Unga wa kwanza ulikuwa umeshaumuka. Mabega yalikuwa yamesahau kazi, yakakumbushwa kabla jua halijachomoza vizuri. Alikata, akaviringisha, akalaza. Jua lilipopanda, kifua kikaanza kumuuma. Wakati ule ndio Bwana Mkubwa hunyonya, na maziwa hayajui kwamba mtu yuko kazini. Alikaza koti, akaendelea kukata, akihisi titi linajaa, linachoma, linalowesha kitambaa. Uji alikuwa ameuacha. Lakini mtoto aliyezoea titi humwambii uji ni titi. Huenda analia. Huenda Mama Cherehani ameinama kumnyanyua. Donge lililofuata alilikata vibaya, akalirudisha.

Mlinzi wa lango akaingia, akasimama mbali na meza za unga kama alivyoagizwa, akapunga kofia.

"Kuna mama mmoja nje na mtoto anayelia kama king'ora. Nimemwambia wafanyakazi hawatoki. Ameniambia niseme hapana tena, nione."

Birika akamtazama msimamizi. Msimamizi alitazama juu ya tanuri, kwenye saa, kisha akatazama koti la Birika mbele, palipolowa, akageuza uso haraka.

"Nenda. Nawa mikono, lakini. Na uwahi, bati la tatu linangoja."

Langoni Mama Mapacha alikuwa ameshajipatia kiti cha mlinzi. Akampisha. Birika akakaa, mwanawe akapekua koti kwa hasira, akapata, akanyamaza ghafla, vidole vyake vikikanda kifua cha mama yake kama mtu wa meza za unga kule ndani. Kwenye kunjo la kiwiko cha mtoto palikuwa pamenasa uzi wa bluu wa cherehani. Mama Mapacha aligeuka akasimama mbele yao, akatandaza kanga kwa mikono yote miwili, akawa ukuta kati yao na wapita njia.

"Mama Cherehani anasema kalala vizuri, kaamka vizuri, ila uji hataki kuusikia," akasema bila kugeuka. "Kesho nitamleta saa hii hii, kabla hajaanza kupiga kelele. Nyonya, baba, nyonya. Fanyeni haraka, nimeacha chungu motoni."